Filimbi Ambayo Sijawahi Kuipuliza

Mpendwa Mama Tryphena, wewe unayejibu shida za watu kwa barua, naomba unisaidie kabla moyo haujanitoka,

Sasa hivi mtoto wangu Obadiah, ambaye hata miaka miwili hajatimiza, ameingiza mkono kwenye kikapu changu akatoa filimbi niliyopewa kazini, akaipuliza mpaka majirani wa laini yetu wakatoka nje wakidhani ni kazi, na Mama Namalwa wa nyumba ya tatu, mtu wa mkoa wa Magharibi asiyejua kuficha neno, akasema, "Heri leo nyapara wetu amepatikana." Wote wakacheka na mimi nikacheka, lakini nimeingia ndani nikaanza kuandika, kwa sababu filimbi hiyo mimi mwenyewe sijawahi kuipuliza.

Mimi ni Mdawida, nilisoma mpaka darasa la tano, na kazi yangu ni shamba la mkonge hapa karibu na Voi, kwenye uwanja wa kuanika nyuzi. Nyapara wetu Priscilla alipohamia Taveta kwa mumewe ofisi ikanipa mimi nafasi yake, sijui waliona nini, maana Priscilla akikohoa tu unamsikia mpaka relini, na mimi tangu utoto ni mtu wa kunyamaza. Asubuhi ya kwanza karani, Bwana Zephaniah, akanipa majina niyaite, nikaita vizuri mpaka nikafika kwa mama mmoja wa uwanjani aitwaye Wakesho, na Wakesho ndilo jina la mama mkwe wangu pia, na nilivyolelewa mimi mke wa mtu halitamki, basi nikasimama pale mdomo wazi na wanawake wote wananitazama, mpaka Mama Namalwa akasema nyapara amemeza ulimi.

Tangu siku hiyo siiti majina. Napita uwanjani kwa mmoja mmoja, nasalimia, nauliza mtoto ameamkaje, ndipo najua nani yuko na nani hayuko, halafu namwambia karani. Hivyo ndivyo nilivyojua Mutindi anaficha mguu uliochomwa na mwiba wa mkonge, umevimba mpaka kiatu hakiingii, nikampeleka zahanati kabla haujaoza, na wale waliokuwa wakigombania nyaya za kuanikia zilizo karibu na kivuli sasa wanapokezana bila kelele. Lakini Bwana Zephaniah anasema huko ni kutembelea wagonjwa siyo unyapara, nyapara ni sauti, na baada ya Pasaka meneja mpya atakuja kunisikiliza nikiita majina mbele ya watu wote, nikishindwa narudi kubeba nyuzi. Kubeba siogopi, nilibeba hata nikiwa na mimba ya huyu Obadiah. Naogopa kuchekwa, na naogopa pia, usinicheke wewe, kwamba kazi hii nimeanza kuipenda. Mume wangu Reuben ananiambia nijifunze kufoka, nikajaribu kumfokea mbuzi, mbuzi akaendelea kula kanga yangu. Je, niombe mwenyewe kutolewa kabla sijaaibika, ama iko dawa ya mtu kama mimi, maana nikifikiria hiyo siku naona afadhali nimwambie karani kwamba, sasa Mama Namalwa yuko mlangoni ananiita, anasema wingu limefunika mlima Sagalla na nyuzi bado ziko nje, wanawake wamesimama njiani hawaendi, wanasema mpaka mimi ni

*

Mama Obadiah,

Barua yako imekatika na umeituma hivyo hivyo, nami nashukuru. Nani alikuja kukuita? Yule yule aliyesema umemeza ulimi. Mvua inakuja, na hao wanawake hawakumkimbilia karani, walikusubiri wewe njiani. Mtu wasiyemheshimu wangemwacha na mtoto wake.

Pole kwa hofu, mwanangu, lakini nitakugombeza. Umefunga vitu viwili kwenye kanga moja. Kunyamaza kwa kusikiliza ndiko kulikookoa mguu wa Mutindi, na huko usikuache. Kunyamaza kwa woga ndiko kunakokuponza. Umemwambia karani habari ya jina la mama mkwe wako? Hukumwambia. Sasa yeye atajuaje? Anaona mtu amekwama tu.

Mwendee peke yake asubuhi, kabla watu hawajafika. Mwambie yule mama utamwita Mama wa fulani, kwa jina la kifungua mimba wake, kama mnavyoitana kila siku kisimani. Akikataa, usiondoke, mwambie tena, pole pole. Siku ya meneja usijifanye Priscilla. Ita kwa sauti yako hiyo, atakayetaka kusikia atanyamaza. Ukimaliza, mwombe huyo meneja atembee nawe kwenye nyaya kama utembeavyo kila siku, na Mutindi amwonyeshe mguu mwenyewe.

Huenda bado akataka mtu wa kelele. Hilo siwezi kukuahidi. Ila kutolewa usiombe, asije akapewa sababu na wewe mwenyewe.

Reuben mwambie mbuzi hajaandikwa kazi. Na filimbi mnyang'anye mtoto leo, umpe Mama Namalwa, ndiye mwenye mapafu. Wewe tazama wingu. Ukimpa ishara, yeye apulize.