Kuku wa Mzee Mangeni na Mabati ya Osukuru

Mfuko wa Utafiti wa Malale,
S.L.P. 31,
Tororo.
14 Machi 1965

Mpendwa kaka Ilukor,

Pokea salamu nyingi za nyumbani. U hali gani huko Nakuru, na wifi yangu Asio na watoto wanaendeleaje na hiyo baridi? Sisi ni wazima. Kikohozi cha Mama kimepona, wimbi limeota vizuri, na yule ng'ombe mwekundu amezaa dume.

Barua yako niliipata Jumatatu. Nimeisoma mara mbili, maana mara ya kwanza nilikasirika nikaitupa mezani. Unaniambia niweke sahihi kwenye ripoti ya mwaka ya Mfuko, nifumbe macho nile mshahara wangu, kwa kuwa karani si mwenye mali. Kaka, sahihi hiyo siweki. Mkurugenzi wetu, aliyekuandikia habari zangu, alikupa nusu tu. Hii hapa nusu nyingine.

Unajua Mfuko unaishi kwa michango. Wafadhili wa Ulaya hutuma fedha za darubini na dawa, na watu wetu nao walichanga baada ya kuuza pamba, ili ugonjwa uliomuua baba uchunguzwe. Mimi ndiye ninayeandika kinachoingia na kinachotoka. Ripoti inasema darubini ya pili imefika na inafanya kazi. Haijafika. Fedha zake zilinunua mabati arobaini, nayo yako juu ya nyumba mpya ya Mkurugenzi kule Osukuru. Risiti ya duka niliishika kwa mkono wangu huu.

Mwezi uliopita alinichukua twende Masinya kuwashukuru wachangaji, akaniambia nisome kitabu. Yeye ni mtu wa mjini. Alidhani nitataja majina, watu wapige makofi, tupande gari twende zetu. Hakujua kwamba kwetu kitabu cha michango kinasomwa kama siku ya kumaliza matanga: kwanza kilichoingia, kisha kilichotoka, na mwenye swali anasimama. Ukiishia katikati, watu wanajua umekula.

Basi nikasoma chote. Nilipofika kwenye mabati, Mzee Mangeni, aliyechanga kuku mmoja, akasimama na fimbo yake. "Mimi nataka jua tu," akasema. "Kuku yangu nayo iko juu ya hiyo nyumba?" Watu walicheka, kaka, lakini hakikuwa kicheko cha furaha.

Mkurugenzi akajibu kwamba hesabu ni za wafadhili wa Ulaya, na waliotoa kuku na wimbi haziwahusu. Heri angenyamaza. Alisimama Benedeta, yule mjane anayeuza samaki sokoni Busia. "Wewe ulitoa damu ya mtoto yangu na sindano," akamwambia, "ukasema majibu nakuja wiki mbili. Sasa mwaka imeisha. Hiyo damu si mchango? Agwang, andika!"

Nikaandika. Wengine wakajipanga nyuma yake, mstari ukafika barabarani. Waliotolewa damu ni watu mia moja na kumi na wawili. Waliopata majibu ni tisa. Hakuna ripoti yetu hata moja iliyowahi kuwataja, nami niliyezipiga chapa zote sikuwahi kuuliza. Hilo linaniuma kuliko mabati.

Sasa nimepewa mpaka Ijumaa: sahihi, au nirudishe funguo. Usidhani sioni. Najua ni mshahara huu unaomlipia mdogo wetu Amoit ada ya shule. Nilimweleza Mama, akasema tulilima kabla ya Mfuko na jembe bado liko. Kwa hiyo funguo nitazirudisha mwenyewe, mchana, kwa mlango wa mbele. Nakala ya kitabu, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, inakwenda kwa wafadhili Ulaya kwa posta hii hii inayobeba barua yako. Kitabu chenyewe kiko kwa Mzee Mangeni, na anayekitaka akakiombe mbele ya watu wa Masinya. Njia ya mwongo ni fupi.

Nawe, kabla hujanijibu kwa ukali wako wa kaka mkubwa, tazama ndani ya bahasha. Nimekuwekea risiti ya shilingi kumi ulizoutolea Mfuko siku tulipomzika baba. Hukupewa wakati ule, wala hukuidai. Hivyo ndivyo walivyotuzoea.

Jambo moja Mkurugenzi hakuliona. Pale Masinya, kabla ya kumwandika mtoto wa Benedeta, nilimwandika kwanza mtu ambaye hakuweza kusimama kwenye mstari. Ukurasa wa arobaini na moja, juu kabisa: Egau, baba yetu. Alichotoa: damu, chupa moja. Majibu: bado.

Msalimie sana wifi Asio, na umbusu Omoding mdogo kwa niaba yangu. Mama na Amoit wanakusalimu, na mjomba Ojulong anauliza kama Nakuru wamekufunga kamba hata huji nyumbani. Mungu ailinde nyumba yako, na atupe uhai mimi na wewe tuyasikie majibu ya baba yakisomwa mbele ya watu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukininunia,

Agwang