Sauti Iliyojibu kwa Jina la Elysée

Bukavu, Kadutu, tarehe 11 ya mwezi wa tano 2025

Kwa Venant, mudogo wangu wa tumbo moja, Kamituga.

Ninakusalimia weye, bibi yako Bintu, na wote wanaokula kwako. Je, ule mugongo uliacha kukuuma, ao ungali unashuka mu shimo ya dhahabu kama kijana? Huku tunapumua. Bibi yangu Domitille anakohoa, lakini mudomo wake uko muzima kabisa, kwa hiyo usiogope. Barua hii nimeiandika na mukono wangu mwenyewe, siku mbili, biki mbili. Nilifika darasa la tatu tu, unajua, lakini maprofesa wenye miwani wanakuja kuniuliza mambo. Maman Euphrasie, yule muchuuzi, ataileta ndani ya unga wa muhogo, juu simu za siku hizi ziko na masikio mengi. Uisome mpaka mwisho mbele ya kumuita Bintu.

Kazi yangu unaijua. Miaka makumi tatu na moja niko apariteri wa chuo kikuu: ninafungua auditwari, ile nyumba kubwa ya masomo, ninapiga kengele, ninaita majina. Warekta sita, wakubwa wa chuo, wamepita, miye niko. Na miaka yote hiyo hakuna mwanafunzi aliyeitikia jina la mwenzake akanipita. Wanajaribu, eh. Mumoja anakaza sauti, mwingine anajificha nyuma ya nguzo. Ninawakamata wote.

Tangu vita iingie mu muji, mwezi wa pili, auditwari iko na kufuli na watoto wametawanyika. Profesa Isidore alikimbilia Kinshasa, na kutoka kule akaanza kuwafundisha mu ordinateri, kila siku ya pili ya juma, ndiyo Jumanne, asubui. Wakasema muzee akae nyumbani, mashini itahesabu yenyewe nani ameingia. Nikakataa. Nikawaambia mashini inahesabu simu, haihesabu watu. Niligomba mpaka wakanipa ofisi ndogo yenye batri na koneksyo ya internet, na profesa akakubali kwamba mbele ya somo, miye ninaita. Kifungo cha mikro ya kusemea nilikijua kwa siku moja. Wasaidizi wake walihitaji juma nzima.

Watoto wanazima kamera kwa kuchunga mega za internet, kwa hiyo tunabaki na sauti tu. Zamani mu auditwari kila mumoja alijibu prezan, yaani niko, na kutaja namba ya banki, kile kiti cha mbao anachokalia. Ni sheria yangu. Sasa banki hakuna, nikaweka nyingine: ujibu prezan, useme na mahali ulipo. Profesa aliniomba hiyo ya mahali tuiache. Nikasema bila mahali hakuna prezan, na bila prezan hakuna mutihani. Akaniachia. Basi kila juma wanataja: Katana, Panzi, Nguba. Elysée wetu, mutoto wako, alitaja Mudaka, kule alijificha kwa Maman Marie-Louise, juu wale wakubwa wapya wa muji wanakusanya vijana wawapeleke kwenye mazoezi ya bunduki. Na kila mara alijibu "Prezan, papa mukubwa", wenzake wakacheka. Nilimukemea. Moyoni nilifurahi.

Sasa sikia. Tarehe mbili ya mwezi huu, watu wenye bunduki walifika Katana, kwa mwanafunzi wetu Télesphore. Alikuwa amepeleka mama yake hospitali, wakamukosa. Lakini walimuuliza kwa majina yake yote matatu, yanafuatana vile yako mu kaye yangu, daftari ya majina. Nyumbani kwao ni Télé tu. Hakuna mahali ingine anaitwa yote matatu isipokuwa ninapoita miye.

Jumanne iliyofuata niliita majina. Nikafika kwa Elysée. Sauti ikajibu prezan, Mudaka. Nikamuuliza mbele ya wote, "Elysée, miye ni nani kwako?"

Ikasema, "Uko apariteri."

Nikawaamuru watoto watoke wote, watupe zile namba za simu, wahame walipo mbele ya saa sita. Nikakata. Simu ya mutoto wetu iko mu mikono ya watu wale, Venant, na kila juma walikuwa wanakaa na sisi darasani wanaandika.

Mudogo wangu, ninakuambia kitu nisichomuambia hata padiri. Ile sauti haikuanza siku hiyo. Majuma matatu mbele yake ilikuwa imejibu, na tangu neno la kwanza nilijua siyo yake. Haikusema papa mukubwa. Nilijua, na nikaandika prezan. Nilijidanganya kwamba ni rafiki anamuitikia, mutoto amelala. Na nilikuwa nimejisifu sana mbele ya maprofesa. Niseme namna gani kwamba nimepitwa na mutoto wa nyumbani kwangu? Weye kila juma uliniuliza kwa simu, nikakujibu nimemusikia, anasoma. Kwa hiyo hukumutafuta.

Juzi nilienda Mudaka kwa miguu. Maman Marie-Louise anasema imepita majuma mane: mutoto alienda barabarani kuchaji simu, kwenye bariyeri ya wenye bunduki wakamunyanganya ile simu. Watu waliona vijana wawili wanakimbia mu mashamba upande wa Walungu, mumoja na jaketi ya kijani, ile uliyomutumia. Risasi zilipigwa. Maiti hakuna aliyeona. Usikae, Venant. Shika njia ya Mwenga, uliza kila paruasi ya mapadiri, kila nyumba inayopokea wakimbizi. Usimutafute kwa majina yake matatu. Uulize jaketi ya kijani.

Jumanne inayokuja kozi inaanza tena na namba mupya. Mahali sitauliza tena. Zile prezan tatu nimezifuta, na miye sijafuta kitu mu kaye hata siku moja. Absan, yaani hayuko, sikuandika. Nimeacha wazi. Nitamuita, nitangoja, kisha nitapita kwa mwingine.

Umusalimie Bintu kadiri utakavyoweza. Domitille anawasalimia wote. Hajui nilichoandika hapa. Mungu akutangulie mu njia.

Ni miye,
Zagabe, papa mukubwa wa Elysée.