Kijiko cha Alizeti kwenye Pipa la Povu

Itigi, Jumatatu, saa ya chakula

Basi dada, pale simu ilipokatikia nilikuwa nimefika kwenye pipa. Nasema "povu likapanda, likapanda," kumbe huku chaji imeisha zamani, naongea peke yangu kama mwendawazimu, watu wa stesheni wananiangalia. Nimeona bora niandike. Hata hivyo nyie hapo kwa shemeji simu mnaweka spika, na haya si mambo ya spika. Barua anakuja nayo mama mmoja jirani yangu, anakuja Nduguti kumwona binti yake aliyejifungua. Nikimaliza nitaibandika gundi ya kazini kila upande, maana huyo mama namjua, mdomo wake kama wangu.

Shikamoo kwanza, nisije nikaambiwa reli imenifundisha kukosa adabu. Mgongo unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua unachua, au umeiweka dirishani unaiangalia? Na mtama, ndege wamewaachia chochote? Mimi mwili mzima, nakula, nacheka, nimenenepa hata gauni la kwaya halifungi. Ila roho ndiyo haikai. Tangu nianze kuandika hapa nimesimama mara tatu, nimeenda mlangoni, nimerudi, nimesahau nilifuata nini.

Sasa nianzie kwenye kazi yenyewe, maana uliniuliza mbona nilisema tunauza hewa. Siyo utani dada. Tunachukua mabua ya alizeti, haya haya ambayo sisi huko tukishavuna tunayachoma moto. Tunayakatakata, tunayachemsha na kostiki ile ya kutengenezea sabuni, halafu tunayaosha. Kuosha ndiyo kazi yangu. Naosha mpaka maji yatoke meupe, mikono imekuwa kama ya bibi. Yakishaoshwa yanasagwa, yanakuwa kama uji wenye nywele nywele. Hapo ndipo anaingia Mwajuma.

Mwajuma ndiye rafiki yangu hapa, mtu wa Ikungi, mcheshi, tumepanga nyumba moja, chumba chake na changu ukuta mmoja. Yeye ni wa pipa. Anamimina ule uji kwenye pipa lenye mashine, anatia maji ya sabuni na gundi, na unga wa kuzuia moto na mchwa (najua ungeuliza mchwa). Anawasha mashine inapiga, inapiga, povu linaumuka zito, kijiko kinasimama. Analimwaga kwenye fremu zenye wavu, maji yanachuruzika, halafu linakaushwa siku tatu kwenye kibanda cha joto. Likitoka limekuwa bamba nene kama godoro la mtoto, ukilinyanyua unadhani umeshika hewa. Sisi tunaita mikate. Ile mikate joto haipiti. Injinia wetu alituonyesha siku ya kwanza: aliweka bati juani mpaka likawa haligusiki, juu yake akaweka mkate, juu ya mkate kipande cha samli. Dada, samli ilikaa! Mpaka tukachoka kuiangalia.

Injinia mwenyewe ni binti tu, umri wa Neema wangu, kila asubuhi ananipa shikamoo na halafu ananituma. Mwanzoni nilikuwa nacheka. Sasa nimezoea.

Haya. Kuna zahanati huku porini kwenye vichaka, chumba cha kujifungulia kina bati tupu. Wazazi wanalala mle saa saba mchana wanaungua. Wakaomba mikate ya kuweka chini ya bati, na wiki iliyopita ndiyo tulikuwa tunaitengeneza. Jumanne, saa ya swala ya adhuhuri, Mwajuma akaniambia, "Mama Neema, niangalizie pipa, mashine itajizima yenyewe, we kaa tu, usiongee na mtu." Nikamwambia nenda, pipa haliibiwi.

Mimi nikakaa. Povu likaanza kupanda. Nikasema litasimama. Halikusimama. Likafika mdomoni mwa pipa, likaanza kuvimba juu kama linataka kunipa mkono. Nikaona linamwagika, nikaona Injinia anakuja, nikaona wenzangu wanasema ona sasa. Dada, mama alitufundisha nini uji ukitaka kumwagika? Tone la mafuta! Nilikuwa na kichupa changu cha alizeti kwenye mkoba, cha kutilia maharage mchana, nikatia kijiko. Kimoja tu. Povu likasema fyuu, likakaa chini kama mtoto aliyekanywa. Nikafurahi mwenyewe! Mwajuma aliporudi akasema, "Mbona limepungua leo?" Nikamjibu, "Limetulia, nimelisemesha." Tukacheka. Akalimwaga kwenye fremu.

Ijumaa kibanda kikafunguliwa. Mikate imebonyea, imekauka migumu, mizito kama chapati za juzi. Mganga wa zahanati alikuwepo, kaja na pikipiki yake kuichukua. Injinia akaweka bati, akaweka mkate, akaweka samli. Samli ikashuka pale pale, ikachuruzika mpaka kwenye kiatu cha mganga. Hakuna aliyecheka, hata mimi. Mganga akasema, "Basi nitawaambia wasubiri," akaondoka. Wasubiri nini sasa, mtoto tumboni anasubiri?

Injinia akasema povu kama lile halikupata sabuni ya kutosha. Na sabuni anashika nani? Mwajuma. Ikaanza minong'ono: Mwajuma anabeba sabuni kwao. Na mimi dada, mimi huyu, nikiwa nimekaa na wenzangu tunachambua mabua, nikasema, "Ndiyo maana kanga zake siku hizi zinang'aa hivyo, jirani yangu!" Utani tu. Unajua ninavyotania. Wote wakacheka. Jumamosi asubuhi mama mmoja wa stoo, naye alikuwepo pale tukichambua, akaenda kwa Injinia akasema, hata Mama Neema anayelala naye ukuta mmoja amethibitisha.

Amethibitisha! Mimi hata neno lenyewe silijui vizuri.

Hapo bado sikujua kosa ni langu. Jumamosi jioni Mwajuma kakaa kizingitini analia, anahesabu kwa vidole kila kitu alichofanya Jumanne. "Nilipima sabuni. Nilipima gundi. Niliosha pipa kwa maji ya moto, maana mafuta ni sumu ya povu, hata ya mkononi, tuliambiwa siku ya mafunzo." Nikasema, "Tuliambiwa lini?" Akasema, "Ile siku wewe ulikuwa unaninong'oneza habari za mchumba wa stesheni masta, mpaka nikakufinya."

Ni kweli alinifinya. Alama ilikaa siku mbili.

Tangu hapo dada sijakaa. Jana kanisani wamesimama nimekaa, wamekaa nimesimama. Nimeosha vyombo visafi. Kile kichupa nimekitoa kwenye mkoba, nikakitia chini ya kitanda, nikakitoa tena, leo nimekuja nacho, kiko hapa kwenye mfuko wa aproni kinanigonga paja. Mara mbili nimefungua mdomo nimwambie Mwajuma, kinachotoka ni habari ya bei ya nyanya. Mimi! Mtu ambaye hajawahi kushindwa kusema kitu maisha yake yote.

Unajua ninachoogopa. Injinia alisema tangu mwanzo, hapa hataki mtu wa kujaribu jaribu. Nikisema, narudi Nduguti na begi langu. Na nilivyoaga kwa mbwembwe! Kwaya ikaniimbia, mchungaji akaniombea, mimi nikasimama mbele nikasema naenda kutengeneza vitu ambavyo hata Dodoma hawajaviona. Shemeji atacheka mpaka Krismasi. Darasa la nne niliishia, nani tena atanipa kazi ya kuvaa aproni? Lakini nikinyamaza, anayeondoka ni Mwajuma, na anaondoka na jina la mwizi, na jina hilo nimempa mimi. Kwao Ikungi wakisikia ameiba sabuni watamwonaje? Mama alisema mdomo uliponza kichwa. Hakusema kichwa cha nani.

Nilitaka uniambie nifanye nini, ndiyo maana nilipiga ile simu. Lakini barua itakufikia Jumatano, na Injinia anamweka Mwajuma kikao leo baada ya chakula, kwa hiyo hata sijui nakuuliza nini. Labda nilitaka tu kukiandika hiki kitu nione kinaonekanaje. Kinaonekana kibaya.

Nisisahau, wasalimie wote kabla sijachachawa. Baba mdogo Yohana mwambie asali yake nitaleta, asinitumie tena salamu za asali. Wifi yangu mama Paulo mwambie yale niliyosikia kuhusu yule mpangaji wake ni kweli, halafu la, usimwambie, acha, nimeanza tena. Binamu Tabitha apone haraka. Neema akipita hapo mwambie mama yake ni mzima, na akikuuliza zaidi, msomee hii yote, usiruke. Shemeji naye msalimie, na mwambie kama ni kucheka acheke.

Injinia kafungua mlango wa ofisi. Anaita, "Mwajuma, njoo." Ananyanyuka, mikono yake bado ina maji, anaifuta kwenye zile kanga. Ngoja.

Dada, haendi ofisini. Anakuja huku kwangu. Anasema, "Mama Neema, acha hiyo barua, twende wote. Mimi nikiingia peke yangu nitalia tu. Wewe una mdomo, njoo unisemee."

Naenda. Kichupa ninacho mkononi.

Mdogo wako,
Juliana