Neno Lililomezwa na Spana

Jumatatu, 4 Machi

Daktari kaja. Kasikiliza kifua, kisha akamgeukia mkwe wangu, mke wa mwanangu, akamwambia kwa Kiingereza: "She may go any time." Mimi hakuniambia. Ya nini? Mimi kiziwi.

Hapa niungame, nikichelewa nitaondoka nayo. Mimi si kiziwi. Nilikuwa, wakati wa ile homa. Asubuhi moja masikio yakazibuka yenyewe, nikasikia kijiko kikigonga kikombe jikoni. Nikafurahi — na nikanyamaza. Nilitaka kupumzika kidogo na maswali ya umeamkaje, umelalaje. Kisha nikaonja utamu wake. Watu husema mengi mbele ya kiziwi. Nimejua mwanangu huficha biskuti ndani ya buti la mvua.

"May" nimeifundisha mpaka nikastaafu. Ina sura mbili: ruhusa na uwezekano. Huenda nikaenda, au nimeruhusiwa niende? Vyovyote vile, sarufi ya daktari ni safi. Hakusema "may to go".

Jumanne, 5 Machi

Mambo yameharibika.

Fundi bomba alikuwa jikoni, kichwa chini ya sinki. Binti yangu akapiga simu kutoka mji anakoishi, mkwe akaipokea humo humo jikoni. Binti anataka kunichukua Jumamosi nikakae kwake moja kwa moja. Walipofika kwenye mambo ya ndani, mkwe akahamia Kiingereza ili fundi asiambulie kitu. Mlango wangu ulikuwa wazi.

"Sikiliza, wifi. I can't live with—"

Kwang. Spana sakafuni.

"—her."

Basi. Wakarudi kwenye Kiswahili na habari za mvua.

"With" au "without"? Hawezi kuishi nami, au hawezi kuishi bila mimi? Siku zangu zilizobaki zinaning'inia kwenye herufi tatu, nazo ziko chini ya sinki.

Hata hiyo "can't" siiamini sana. Mkwe huyu nilimfundisha kidato cha pili, kabla hajamjua mwanangu. Nilimwita Nusu, maana kila neno alilisema nusu, mwisho wake akaumeza kama kidonge. Wanafunzi nao waliniita Madamu Shudi, kwa ile "should" yangu isiyoisha. Walidhani sijui.

Jioni akaniletea supu, akanigeuzia mto upande wa baridi. Hufanya hivyo kila siku. Au leo aliugeuza kwa haraka?

Jumatano, 6 Machi

Begi langu limeshushwa kutoka juu ya kabati. Liko karibu na mlango, mdomo wazi.

Nimejaribu kujidanganya kwamba "her" si mimi. Kiwakilishi ni koti la kuazima, humtosha yeyote. Bosi wake pia ni mwanamke, na kila jioni humlalamikia. Lakini mtu haishi na bosi. "Live" ndiyo inayonifunga.

Sitaki kwenda kwa binti yangu. Nyumba yake nzuri, ngazi nyingi, na huzungumza nami kama anayesoma taarifa ya habari. Nataka kufia hapa, kwenye chumba hiki chenye dirisha linalogoma kufunga, mikononi mwa huyu anayesema maneno nusunusu. Sijawahi kumwambia. Nilichomwambia miaka yote ni habari za "to". Usiseme "I can to come". Baada ya "can" kitenzi huingia bila viatu. Sisi tumezoea "naweza kuja", basi ile "ku" tunavuka nayo mpaka kama mali ya magendo. Hilo nimemweleza mpaka nikamchosha. Lile jingine, hata mara moja.

Alhamisi, 7 Machi

Bomba bado linavuja, fundi karudi. Mkwe alipotoka kwenda dukani nikagonga fimbo ukutani. Fundi akaja, akanipigia shikamoo iliyotikisa kioo.

"Marahaba. Punguza sauti, nasikia."

"Ala. Si wanasema Bibi—"

"Wanasema. Wewe usiseme." Nikamuuliza mama mwenye nyumba alisema nini kwenye simu juzi, kabla spana haijaanguka.

"Bibi, mimi na Kiingereza hatuamkiani."

"Sema ulivyosikia tu."

Akainamisha kichwa. "Alisema... kanti livu wizi. Wizi, Bibi. Nikajua nashukiwa mimi. Mkono ukaisha nguvu, spana ikaanguka. Tangu siku hiyo sina usingizi. Mimi hata msumari wa mtu sijachukua."

Nilicheka mpaka kifua kikanibana, akakimbilia maji. Nikamweleza kwamba wizi ule si wizi, ni neno lao tu.

"Na baada ya wizi?"

"Baada ya wizi ilikuwa spana."

Shahidi nimempata, na ushahidi kauangusha mwenyewe. Ameapa hatasema kwamba nasikia. Lakini fundi ambaye hata bomba limemshinda kulibana, siri ataibanaje?

Ijumaa, 8 Machi



Fundi kaja tena leo, na alipokuwa anaaga nilisikia minong'ono mlangoni. Kisha mkwe akaingia na supu. Akaketi, akakoroga, akauambia ukuta, polepole:

"She musts to eats with I."

"Musts" niliivumilia. Naapa niliivumilia. "To eats" ikanichoma ubavuni. Ilipofika "with I" nikajikuta nimeketi wima, mimi ninayeinuliwa na watu wawili.

"Must haina s! Wala haitaki to! Na baada ya with ni me!"

Mkwe akaweka bakuli chini.

"Shikamoo, Madamu Shudi. Karibu tena duniani."

Akacheka, akajifuta macho kwa aproni. Kisha akaacha kucheka. "Tangu lini, Mama?"

"Tangu homa iishe."

"Kwa hiyo nilivyosema kofia yako inafanana na kifuniko cha birika..."

"Nilisikia."

"Na bado ukaivaa."

"Kila siku."

Nje honi ikalia. Binti yangu, kaja siku moja mapema. Nikaona nikikosa sasa nimekosa. Sauti ikanitoka ndogo, kama ya mwanafunzi aliyechelewa: "Jumanne, kwenye simu. Ilikuwa with au without?"

Alichukua miwani yangu, akaifuta, akanivalisha. Akaandika kitu kwenye karatasi, akaniwekea mapajani pamoja na penseli.

"Ulinisimamisha sana mbele ya darasa, Mama. Leo nafasi iliyo wazi ujaze wewe." Akanifunika miguu, akaenda kufungua mlango.

Karatasi ni hii:

I can't live ______________ her.

Nasikia viatu vya binti yangu sebuleni. Anauliza begi liko wapi. Nusu anajibu kitu, na mwisho wake kaumeza.

Mstari aliouacha ni mrefu. Lakini huyu mtoto tangu shuleni mwandiko wake ulikuwa mkubwa, hauaminiki.

Herufi nne za kwanza hazina ubishi. Nimeandika w, i, t, h. Mstari bado unaendelea —