Kadi ya Mama wa Lambwe

Mama yangu,

Nakuamkia kabla hujaniuliza kama nimekula. Nimekula. Sasa na mimi niulize yangu: goti lako la kushoto linaamkaje siku hizi za mvua? Bati la jikoni limepigiliwa, au bado mnamsubiri yule fundi ambaye kila siku yuko njiani? Kuku wanataga? Baba bado anagombana na redio wakati wa habari? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Moyo ndio sijui nikuambie nini, na ndiyo maana nimeshika kalamu.

Najua utashangaa, maana siku hizi barua zinaandikwa na shule tu. Lakini simu yako, Mama, unaiweka sauti kubwa, na wenzako wote wa mstari wa njugu pale soko la Kosele wanachangia mazungumzo. Juzi nilikuambia nina mafua, kesho yake shangazi akanipigia kuuliza nimelazwa hospitali gani. Haya ya leo si ya sokoni. Nimempa mwenzangu wa kazi, anayekuja likizo kwao Homa Bay, akuletee mkononi. Mpe chai, ni mtu mzuri, ila usimuulize habari zangu, maana atakujibu. Naandika kwa Kiswahili kile kile mlichotulea nacho, wewe umetoka Migori na Kikuria chako, Baba na Dholuo chake, hakuna aliyekubali kushindwa.

Wewe huwaambia watu kwamba nakata tiketi kwenye bustani ya michezo huku Ghuba. Zamani ilikuwa hivyo. Tangu mwaka huu uanze wamenihamishia dawati lingine, lililo karibu na lango la kutokea. Kazi yangu sasa ni kupandisha tiketi. Mtu anakuja asubuhi na tiketi ya siku moja. Anazunguka na watoto, wanapanda yale magari ya relini yanayopinduka miguu juu watu wakipiga mayowe kama wamefiwa, wanalowa maji, wanakula vitu vitamu. Jioni wanatoka wamechoka na watoto wanalia hawataki kwenda nyumbani. Hapo ndipo ninapoingia mimi. Namwambia mzazi, usiitupe hiyo tiketi. Ongeza kidogo juu ya ile uliyolipa leo, tukupe kadi ya mwaka mzima yenye picha yako. Ukishavuka lango tiketi imekufa, haipandishwi tena. Kwa hiyo mtu anaamua pale pale, mtoto mmoja begani, mwingine akimvuta nguo. Mtu wa namna hiyo hasomi maandishi madogo.

Na maandishi madogo yapo. Kadi ya bei ya chini haifungui lango siku zote. Jumapili na sikukuu haifanyi kazi, kwa sababu ndizo siku bustani inapojaa. Kila mtu lazima awe na kadi yake, hata mtoto mdogo, na mmoja akikosa wengine wanabaki naye nje. Ukishapigwa picha hurudishiwi pesa. Na ukija kujuta, ukataka kupanda tena mpaka ile kadi ya juu inayofungua siku zote, tiketi yako ya kwanza haihesabiwi mara ya pili, unalipa kama mgeni. Haya yote nayajua vizuri kuliko mafungu ya Biblia ya kukariri uliyokuwa ukinipimia kila Ijumaa jua likizama. Lakini msimamizi wetu alitufundisha tujibu tulichoulizwa, na tusijibu tusichoulizwa.

Sasa nikuambie kwa nini nilifanya nilichofanya, ingawa sababu haifui nguo iliyochafuka. Hapa kwetu anayepandisha tiketi nyingi kuliko wenzake ndiye anayechagua likizo kwanza. Wanaobaki nyuma wanagawiwa miezi ambayo hakuna anayeitaka. Mimi nilitaka Desemba. Uliniambia kwenye simu kwamba ukifunga macho unaniona na sare ya shule tu, kwamba sura yangu ya sasa haikujii. Ulisema ukicheka, lakini mimi sikucheka. Tangu siku hiyo nilipandisha tiketi kama mtu aliyetumwa. Mwisho wa mwezi ulipofika, mimi na msichana mmoja kutoka Nepal tulikuwa tumelingana.

Jumapili ya mwisho ya mwezi huo alikuja mama mmoja wa rika lako, kitambaa kichwani, viatu vimeloa. Alikuwa na bintiye, ambaye ni muuguzi katika mji huu, na wajukuu wawili. Alikuwa amekuja kuwatembelea kwa muda. Alisoma jina langu kifuani, akaniuliza kwa Dholuo, Akinyi nyar kanye? Akinyi binti wa wapi? Nilipomjibu nyar Kosele, uso wake ulifunguka. Kumbe yeye ameolewa Lambwe, na njugu zake huzileta soko la Kosele. Huenda umeshawahi kumpunja, Mama, au yeye kukupunja wewe.

Unajua watu wa kwetu. Hakutaka kusikia habari ya kadi kabla sijala. Akatoa mkobani kifurushi cha karatasi, ndani yake obambla, yule samaki wa kupasuliwa na kukaushwa juani, aliyemnunua kwa wavuvi wa Takawiri akamkaanga nyumbani kwa bintiye. Sijui alimpitishaje langoni, maana chakula cha nje hakiruhusiwi. Akasema hawezi kuongea mambo ya pesa na mtoto wa kwao mwenye njaa. Niliinama chini ya dawati nikala, Mama. Mifupa niliificha kwenye droo. Tangu nitoke nyumbani sijala kitu kitamu kama kile.

Kisha akaniambia shida yake. Aliuza dume la ng'ombe kabla ya kusafiri, na hakutaka ile pesa iishie kwenye peremende. Alitaka awaachie wajukuu kitu ambacho watakuwa wakimkumbuka nacho, na yeye mwenyewe pia aingie nao kila wiki mpaka siku yake ya kurudi. Bintiye alisema wasome kwanza yale masharti. Lakini mtoto mdogo alitaka choo, wakaenda, na yule mama akabaki nami. Kipaza sauti kilikuwa kinatangaza kwamba bustani inafungwa.

"Nyathina, mwanangu," akaniambia, "sisi ni Wasabato. Jumamosi hatuendi mahali, na siku zingine watoto wako shule. Sisi tutakuwa tunakuja siku kama ya leo tu. Ni sawa?"

Nikamjibu, "Karibuni sana, mama."

Ona nilivyojibu. Hakuna neno la uongo hapo, hata mahakamani ningeshinda. Lakini mimi nimelelewa kwenye Sabato. Mtu mwingine pale dawatini, yule wa Nepal au yeyote yule, angeweza kusema hakuelewa uzito wa maneno hayo. Mimi nilielewa hata kabla hajamaliza. Nilijua kwamba Jumamosi mama huyu hatatoka, na kwamba Jumapili kadi ile ya bei ya chini ni plastiki tu. Nilijua kwamba hakuna siku hata moja katika wiki ambayo lango litamfungukia akiwa na wajukuu wake. Pengine hakuna watu katika mji huu wote ambao kadi ile ilikuwa haina kazi kwao kama hawa.

Kisha akanitazama akaniuliza, "Wewe ungemnunulia mama yako?"

Nikasema, "Ningemnunulia."

Nilimpiga picha. Alikuwa amekaza uso kama watu wetu wanavyofanya wakipigwa picha ya kitambulisho, nikamwambia acheke kidogo, hapa si kwa chifu. Akacheka mpaka pengo likaonekana. Bintiye aliporudi alikuta mama ameshalipa, kadi za wote ziko tayari. Akanishukuru, lakini alinitazama kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Jumapili iliyofuata niliitwa langoni, kwa sababu kadi zilikuwa na namba yangu. Niliwakuta wamesimama pembeni, watoto wamevaa kofia mpya, taa ya mlango imewaka nyekundu. Muuguzi alikuwa ameshasoma masharti kwenye simu yake. Aliuliza kama wanaweza kupanda kwenda kadi ya juu kwa ile pesa waliyokwisha kulipa, mlinzi akamwambia hapana, ni kuanza mwanzo. Basi akanigeukia mimi na sauti ikapanda. Mama yake akamshika mkono.

"Usimgombeze," akasema. "Huyu mtoto hakujua. Ni mfanyakazi tu, hao wakubwa hawamwambii kila kitu."

Mama, pale ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Nilikuwa na nafasi pana kama uwanja wa mpira. Niliinamisha kichwa kama mtu aliyeonewa, na yule mama akanionea huruma zaidi. Alikuwa amekuja na kifurushi kingine cha samaki. Akaniwekea mkononi kabla ya kuondoka, akaniambia nisiweke moyoni. Watoto walitembea kuelekea kituo cha basi wakigeuka nyuma kuangalia yale magari yakipanda angani.

Nilikwenda kwa msimamizi nikamwomba zile kadi zifutwe. Alisema kadi yenye picha haifutwi, na kwamba kama ninataka kulia nilie baada ya zamu. Nikampata muuguzi kwenye kanisa la Wasabato wanakosali Wakenya. Nilikwenda jioni, ibada imeisha, kwa sababu mchana nilikuwa kazini. Ndiyo, Mama, na hilo ulijue. Jumamosi mimi hufanya kazi. Kila nikikupigia kukutakia Sabato njema nakuwa ndani ya basi la wafanyakazi, na zile kelele ninazokuambia ni za kwaya ni za watu wanaokwenda zamu.

Nilimwambia muuguzi nitamlipa yote kutoka mshahara wangu, kidogo kidogo. Hakunitukana, afadhali angenitukana. Alisema, "Pesa yako kaa nayo. Mama yangu anaondoka wiki hii. Njoo umwambie ulikuwa unajua."

Sikwenda. Nilivaa nguo mara mbili, nikaketi kitandani, zamu ikafika. Mama wa Lambwe akapanda ndege akarudi akiamini kwamba mimi na yeye tulidanganywa pamoja. Muuguzi aliniandikia baadaye ujumbe mfupi. Anasema mama ameiweka ile kadi kwenye Biblia, anawaonyesha watu kanisani picha yake akicheka, na anawaambia kule mbali alikutana na binti mmoja wa Kosele aliyemtendea kama mama yake mzazi.

Na Desemba nimepewa. Zile kadi zao ndizo zilizonipandisha juu ya mwenzangu. Yeye amepangiwa mwezi mwingine, na mtoto wake huko Nepal anaanza shule Desemba hiyo hiyo. Hilo nalo nilijua.

Kwa hiyo nakuja, Mama. Nilidhani siku nitakapokuandikia neno hilo nitaandika kwa herufi kubwa. Usichinje kitu. Nataka kesho yake tu twende Lambwe, mimi na wewe, kwa sababu peke yangu nitafika nusu ya njia nirudi. Nitaketi mbele ya mama yule nimwambie kwa mdomo wangu. Naandika mapema kwa sababu nakufahamu. Nikianza tu kusema utaona machozi, na utanikatiza. Utamwambia, mtoto hakujua. Utasema hivyo kwa sababu ndivyo akina mama mlivyo, naye atakuitikia kwa furaha, tutaletewa chai na ugali, na mimi nitakula tena chakula chake.

Naomba usiseme, Mama. Siku hiyo ninyamazie.

Msalimie Baba, mwambie redio haina kosa. Msalimie dada mkubwa na mumewe huko Migori, na yule mtoto wao ambaye bado sijambeba. Shangazi mwambie mafua yaliisha. Mzee wa kanisa anayeniombea kila Sabato mfikishie salamu, ila kwa sasa asome jina langu taratibu, maana linamhitaji kuliko anavyofikiri. Na jirani mshonaji mwambie nguo zangu za zamani hazitanitosha, asihangaike kuzirekebisha.

Ulisema sura yangu ya sasa haikujii. Basi nimekuandikia ilivyo. Ukinipokea stendi usitafute yule wa sare.

Ni mimi bintiyo,
Akinyi