Medali Zako kwenye Kifua cha Mzee Lomoru

Apa, baba yangu,

Mjukuu wako Akiru amewachekesha watu wote wa benchi hili sasa hivi. Ameshuka mapajani kwangu, akatembea kwa ile miguu yake ya kuyumba mpaka kwa Mzee Lomoru, akanyoosha kiganja na kumwambia kwa lugha yetu, "Nipe!" Hakusema nipe nini. Mzee akapapasa mfuko mmoja, hakuna kitu. Akapapasa wa pili, hakuna. Mwisho akainuka kwa taabu, akampa ekicholong, kile kigoda chake anachotembea nacho kila mahali, na mtoto akakikumbatia na kuondoka nacho kama mtu aliyepewa haki yake. Sasa Mzee ameketi sakafuni na koti lake la sherehe, medali zote kifuani, anajifuta machozi ya kicheko.

"Huyu ni Mturkana," akaniambia. "Si kama mama yake."

Nakuandikia nje ya ofisi moja hapa Lodwar, ofisi ya mambo ya askari waliostaafu. Nimekuja kurekebisha kitabu chako cha jeshi. Wewe umeshalala, lakini kitabu bado kinakusema, na kinakusema vibaya. Kinasema ulipata medali moja tu. Wewe ulipata tatu, Apa. Hizo mbili zinazokosekana naziona kwa macho yangu, zinaning'inia kwenye koti la rafiki yako. Tukiitwa, ama atasema mbele ya ofisa kwamba ulizipata wewe, ama atanyamaza na mambo yaishie hapo.

Acha nikwambie ukweli. Kilichonileta hapa ni wivu. Ningependa kusema ni mapenzi, na mapenzi yapo, lakini wivu ndio ulioamka mapema ukanishika mkono.

Unakumbuka ulivyokuwa ukija likizo? Basi lilisimama hapa Lodwar, nyumbani kwako, nawe hukushuka. Watoto wa jirani walikuja mbio kwetu, "Akai, tumemwona babako dirishani!" Mimi nilikuwa nimeshaoga, nimepakwa mafuta, nimevaa gauni la kanisani. Basi likaendelea na safari mpaka Kakuma, kwa Mzee Lomoru, kwa sababu yeye alikuwa ametangulia kustaafu na ilikuwa lazima umwone kwanza. Ulilala huko. Ukarudi kwetu siku ya pili ukiwa umeshacheka kicheko chako chote. Zile biskuti ngumu za jeshi, za kuchovya kwenye chai, zilitufikia pakiti ikiwa wazi. Nilikuwa nikizitazama najua mkono wa Selina, binti yake, umeingia humo kabla ya wangu. Nilizila hivyo hivyo. Lakini nilizila kwa hasira.

Halafu ile sikukuu uwanjani. Mzee Lomoru amekaa kwenye hema la wageni, kifua kimejaa, na Selina kando yake anakunywa soda kwa mrija. Sisi tulikuwa kwenye uzio, juani, na wewe umevaa shati la kawaida na kale kamedali kamoja. Selina akaja mpaka kwenye uzio na chupa yake.

"Babangu ako na hizi mbili mbili," akasema. "Unaona? Zinafanana. Alikuwa shujaa mara mbili. Wako mara moja tu."

Nikakutazama nikingoja useme kitu. Ukacheka! Ukanipapasa kichwani ukasema, "Kifua cha Lomoru ni kifua changu." Nililia njia nzima, nawe ukadhani ni jua.

Hata siku tuliyokuzika wivu haukuniachia. Mzee alikuja na koti lile lile, na wageni wasiokujua wakawa wanamwonyesha kwa kidole, "Yule ndiye askari." Yule ndiye askari! Na wewe uliyelala pale ulikuwa nani?

Nilinyamaza mpaka mwaka huu. Wazee wa jeshi wa hapa wamepanga kusimamisha jiwe la majina ya askari wa Turkana waliokufa. Chini ya kila jina watachonga medali za mtu, kama zilivyo kwenye kitabu chake. Nikachukua kitabu chako kwenye sanduku la Mama nikakileta ofisini. Kijana wa hapo akakifungua, akapindua kurasa.

"Madam, hii kitabu iko na medali moja."

"Alikuwa na tatu."

"Hizo zingine ziko wapi?"

"Sijui."

"Sasa mimi nitaandika 'sijui'?"

Nikarudi nyumbani nimejaa, nikamwangukia Mama kwa maneno. Nikamwambia mume wake alikuwa mzembe, alipoteza heshima yake mwenyewe. Mama alikuwa anachambua maharagwe. Hakuinua hata uso.

"Hakupoteza," akasema. "Alimpa Lomoru."

"Alimpa? Medali?"

"Lomoru alikuwa anaenda kwa wakwe kumalizia mahari ya mama yake Selina. Wale wakwe walikuwa wanamdharau. Akaja hapa akamwambia babako, nipe zako mbili, niingie kule na kifua kizito. Babako akazifungua pale pale alipokaa. Ungetaka afanye nini? Huyo ni lopai wake."

Lopai. Rafiki wa kupeana mifugo, asiyenyimwa akiomba. Neno hilo nalijua tangu utoto, lakini nilidhani ni la mbuzi na ng'ombe. Sikujua mtu anaweza kuomba hata jasho ulilolimwaga Sierra Leone mkilinda amani, hata miaka yako yote ya utumishi, na ukampa.

Mama akaniambia na lile jingine. Siku yako ya kutoka jeshini, karani alitazama kifua chako akaandika alichokiona. Aliona moja. Nawe ukatia sahihi bila kufungua mdomo, maana ungesema "ninazo nyingine kwa Lomoru" ingekuwa kama unamdai. Apa, Apa. Ni mtu wa kwetu tu anayeweza kukosea hivyo.

"Na usimkasirikie Lomoru," Mama akaongeza. "Mbuzi walionioa mimi, nusu walitoka zizi lake. Babako aliomba, akapewa. Wewe mwenyewe umetoka kwa mbuzi za Lomoru."

Ungedhani maneno hayo yangenituliza. Yalinichoma zaidi. Kwa hiyo hata mimi nilikuwa nimepitia Kakuma kwanza!

Mimi siku hizi nauza samaki wakavu. Nawachukua Kalokol, napeleka Kakuma, akina mama wa Sudan Kusini kule kambini wananunua. Mume wangu yuko na malori Lokichoggio, anakuja akipata nafasi. Kwa hiyo Kakuma si mbali na miguu yangu. Boma la Mzee Lomoru liko njiani kabisa, na tangu uondoke nilikuwa nikilipita nimegeuza uso kama mtu anayetafuta kitu upande wa pili. Safari hii nikaingia, Akiru mgongoni.

"Ejoka?" nikasalimia.

"Ejok," akajibu Selina, mikono kiunoni. "Leo umekumbuka njia?"

"Mwache akae," Mzee akasema kutoka kivulini. Amezeeka sana, Apa. Ile shingo yake imekuwa kama ya kobe. Akanitazama mpaka nikaona aibu ya kukaa. "Akai, nakuona unapita na magunia yako. Hujawahi kuniomba hata tumbaku ya mama yako. Baba yako alipolala nikasema, sasa mtoto wake atakuja kuniomba mbuzi. Nikamtenga mbuzi. Ukapita. Akazaa. Ukapita. Nikasema basi, huyu ametukata."

Mimi shuleni nilifundishwa kwamba kuombaomba ni aibu, nikajivunia kwamba siombi. Kumbe kwa mzee huyu kutoomba kwangu ndiko kulikokuwa tusi. Alikuwa amekaa pale anangoja mkono wangu, na mimi nimeufunga kwa wivu.

"Leo nimekuja kuomba," nikasema.

"Omba."

"Medali zenyewe sizitaki. Ulipewa, ni zako. Nataka useme mbele ya ofisa kwamba alizipata yeye, ziandikwe kwenye kitabu chake."

Kabla Mzee hajajibu, Selina akalipuka. "Na wakimshika? Mzee mzima aambiwe alivaa vya mtu? Watoto wadogo wa ofisi wamcheke? Hapana. Nyinyi mnataka mumvue babangu ndio wenu avae!"

"Wangu ni mfu, Selina. Atavaa wapi?"

"Wangu yuko hai, na atawatazamaje watu?"

"Miaka yote hiyo umekunywa soda kwa kifua cha babangu!"

"Kelele!" Mzee akasema. "Mnagombania koti na mimi bado niko ndani yake."

Akiru ndiye aliyecheka kwanza, bila kujua kwa nini, nasi tukamfuata tusitake. Mzee akasema ataenda. Akasema pia ombi langu ni dogo mno, nimetia aibu jina lako, na nisiondoke bila yule mbuzi, ambaye sasa ana watoto wake.

Nimeondoka naye, Apa. Wako nyumbani kwa Mama, wanakula kila kitu.

Lakini Selina alikuwa na haki ya kuogopa. Kijana wa hapa alituambia kwa simu kabla ya safari kwamba mtu kuvaa nishani zisizo zake ni jambo linaloweza kumletea shida. Mzee amesikia. Amevaa zote hata hivyo, na njia nzima kutoka Kakuma Selina hakusema na mimi, alikuwa akimfuta babake vumbi kwenye koti tu. Tulipofika hapa benchini ndipo akaongea, macho akitazama ukuta.

"Unajua babako akija kwetu alikuwa anaongea nini?"

"Nitajuaje? Mimi nilikuwa nangoja Lodwar."

"Wewe. Akai amesoma hiki, Akai ameimba kanisani, Akai ana meno kama ya nyanyake. Usiku mzima. Mpaka Mzee akaanza kuniuliza mimi kwa nini sisomi kama Akai. Nilikuwa nakuchukia kabla sijakuona. Ile siku ya uzio nilikuja makusudi."

Nisikudanganye. Nilifurahi. Nilifurahi kwanza kwa sababu ulinisema, halafu nikafurahi tena, na hii ya pili si nzuri, kwa sababu na yeye aliumia. Nilitaka aniambie tena, polepole, na asiruke hata neno. Lakini mbona hukuniambia mimi hayo? Mbona sifa zangu ulizipeleka Kakuma, kwa watu wa biskuti, na mimi ukaniletea pakiti iliyo wazi? Labda ndivyo mlivyo, wewe na yeye, kila kizuri chenu mnampa mwenzako akiweke. Naanza kuelewa. Kuelewa hakujaniondolea kinyongo.

Wameitwa, Apa. Mzee ameingia, Selina amemshika mkono. Mimi nimeambiwa ningoje, eti shahidi aseme peke yake bila mwenye kesi kumsikiliza. Mlango umefungwa. Unaona? Hata leo, hata kwa jambo lako, Selina ndiye aliye ndani na mimi ndiye niliye kwenye uzio.

Nasikia sauti ya Mzee lakini maneno sishiki. Inapanda, inashuka. Kijana anauliza kitu, kimya. Anauliza tena, kimya. Hiki kimya cha pili kimekuwa kirefu. Akiru amelala juu ya ekicholong, shavu limekunjika. Naomba Mungu Mzee asiwe ameogopa. Halafu namwonea huruma, halafu namwonea wivu, kwa sababu yeye alikuwepo Sierra Leone na anakumbuka ulivyokuwa ukiwa kijana, na mimi nakumbuka baba aliyekuja akiwa amechoka.

Nikwambie ninachotaka, maana leo nimejifunza kuomba. Nataka Akiru akijua kusoma nimpeleke kwenye lile jiwe, aweke kidole juu ya jina lako, ashuke nacho chini na kidole kikute kitu. Kisikute simenti tupu. Na ikibidi jina la Mzee Lomoru nalo siku moja liwe kando yako, na liwe. Mtapendana huko. Nimekubali. Karibu nimekubali.

Wakiniita sitapata nafasi ya kukuaga vizuri, kwa hiyo pokea kwaheri yangu hapa hapa, nikiwa bado nina kalamu. Pumzika, Apa. Mama anakusalimu, mbuzi pia. Ni mimi mtoto wako uliyemsifu kwa watu wengine, Akai, mama yake Akiru.

Mlango umefunguka. Selina amesimama hapo, macho mekundu, ananiita dada, hajawahi kuniita hivyo. Anasema Mzee amesema yote, wameandika yote, hawamshiki, lakini wametaka zile mbili zivuliwe wazitazame nyuma kama zina namba yako ya jeshi, na Mzee amekataa kuzivua kwa mkono wake, amekataa hata mkono wa Selina, amesema atakayegusa hizo ni yule aliyeomba, binti wa mwenyewe. Naingia, Apa.