Mshono wa Kashata

Kionga, Jumatano, baada ya isha

Bado hajala. Kashata, paka wangu mdogo, amelala tu kikapuni tangu jana daktari wa mifugo alipomtoa kizazi kule Palma. Nimemvisha mkono wa fulana yangu kuukuu ili asirambe mshono. Macho yamefumbuka nusu, na miguu inachezacheza kama anakimbia mahali ambapo mimi sipaoni.

Naogopa. Ni mimi niliyempeleka.

Leo alasiri mama alikuja kuchungulia. Nilijua atanigombeza, maana tangu mwanzo alisema paka aachwe azae kama Mungu alivyomuumba. Hakugomba. Alikaa mkekani, akamtazama muda mrefu.

"Panauma hapo," akasema. "Mimi nilipasuliwa nilipokuzaa wewe. Ukikohoa tu, unahisi unafunguka."

Miaka yote hii sikujua. "Mbona hukuniambia, mama?"

"Ningekuambia nini? Nilikuwa nakutazama wewe, nikasahau."

Kisha akachovya kidole kwenye mchuzi wa samaki usiotiwa chumvi, akakisogeza mdomoni mwa Kashata. Tukangoja, hata kupumua tukiogopa. Ulimi mdogo ukatoka, ukaramba mara moja, ukarudi ndani.

Mara moja tu. Na mshono umevimba kidogo upande wa chini, sijui kama ndivyo inavyo…

Mama amekataa kurudi chumbani kwake. Amelala hapa mkekani, mkono juu ya kikapu. Nasikia pumzi mbili gizani, na siwezi kujua ipi ni ya nani.